Mwanao anakwenda JKT kwa mujibu wa sheria: maswali ambayo wazazi huuliza kila mwaka

Kidato cha sita wakishaweka kalamu chini mwezi Mei, simu za wazazi zinaanza kulia. "Majina yametoka?" "Wa kwako kapangiwa wapi?" "Eti shuka lazima ziwe za bluu?" Nimeshasindikiza watoto wa kuzaa na wa kulea, na maswali ninayopigiwa ni yale yale, basi nimeona bora niyaandike mahali pamoja. Yanawahusu zaidi vijana wa mujibu wa sheria. Wa kujitolea wana swali lao huko chini. Tarehe na orodha za vifaa hubadilika, kwa hiyo penye tofauti kati yangu na tangazo la mwaka wako, fuata tangazo.

Hivi hii mujibu wa sheria ni nini hasa? Mbona miaka fulani haikuwepo?

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa Julai 10, 1963, na sheria yake ni ya mwaka 1964. Serikali ilipotaka wasomi nao waingie kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam Oktoba 1966, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Utaratibu ukaendelea hadi 1994 uliposimamishwa, ukarejeshwa mwaka 2013. Ndiyo maana kuna kizazi kizima katikati ambacho hakijui kambi, na pengine wewe unayesoma ni mmoja wao.

Siku hizi vijana waliomaliza kidato cha sita na kuitwa kwa lazima, ndio hao wa mujibu wa sheria, hukaa miezi mitatu. Wanafundishwa gwaride, ukakamavu, matumizi ya silaha, ujanja wa porini, uzalendo, na stadi za kazi kama kilimo na ufugaji. Si ajira, wala si kuandikishwa vitani. Kama nyumbani kuna mjomba aliyepita huko miaka ya themanini, zama ambazo mtu alikaa mwaka mzima, mwombe apunguze chumvi. Hadithi zake nyingine ni za kweli, lakini kijana anayeondoka kesho kutwa hazimsaidii.

Majina naangalia wapi?

Kwenye tovuti ya JKT, www.jkt.go.tz. Tafuta shule aliyosoma, utaona jina na kambi. Faili zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi ni za mwaka uliopita, na kuna wazazi wameshanunua tiketi ya basi kwa kuziamini. Angalia mwaka ulioandikwa juu kabla hujamwita mtoto.

Muda ni mfupi kuliko unavyodhani. Mwaka 2025, kwa mfano, vijana walitakiwa kuripoti kati ya Mei 28 na Juni 8, yaani wino wa mtihani wa mwisho haujakauka. Mtoto anarudi kutoka bweni na begi la nguo chafu, na kabla hazijakauka kambani anaondoka tena. Ukisubiri majina ndipo uanze kutafuta cheti cha kuzaliwa, umechelewa.

Sisi tuko Mtwara, kapangiwa Kigoma. Naweza kumhamishia kambi ya karibu?

Huku kuchanganywa ndiyo maana yenyewe ya JKT. Mtoto wa Mtwara aende Bulombora au Kanembwa, wa Kigoma aende Mgambo kule Tanga, wa Arusha aende Mlale kule Ruvuma. Wakitoka huko wana marafiki katika mikoa ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Mimi binafsi hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko gwaride lote.

Ushauri wangu ni kutohangaika kumtafuta "mtu makao makuu". Kwanza utaliwa hela. Pili, kijana akijua kwamba mzazi anapiga simu huku na huku, moyo wake unakuwa nusu kambini nusu nyumbani, na nusu hiyo humtesa zaidi ya mchakamchaka. Kama ana ulemavu wa kuonekana, hilo ni jambo jingine: matangazo ya JKT yamekuwa yakielekeza vijana hao waripoti Ruvu, pale Mlandizi mkoani Pwani, kwa sababu kambi hiyo ina miundombinu ya kuwahudumia.

Kwa safari ndefu, msafirishe mchana na mapema, siku moja au mbili baada ya dirisha la kuripoti kufunguliwa. Wanaofika siku ya mwisho jioni hukuta wenzao wameshajua choo kiko wapi na afande yupi ana sauti kali.

Abebe nini?

Orodha ya tangazo imekuwa ikijirudia kwa miaka kadhaa: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi ndefu, traksuti ya kijani au bluu, nguo za baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi, vyeti, na nauli ya kwenda na kurudi. Wiki ambayo majina yanatoka, maduka ya Kariakoo yanageuka bluu na kijani, na bei nayo inapanda. Vitu ambavyo havitegemei majina, kama shuka na soksi, nunua Aprili.

Sasa mambo ambayo tangazo halikwambii.

Andika jina kwa uzi. Kalamu ya wino mzito inafutika ndani ya wiki mbili za jua na sabuni ya mche. Chukua uzi mweupe, shona herufi zake za mwanzo upande wa ndani wa kiuno cha bukta, kwenye pindo la kila shuka, na ndani ya ulimi wa raba. Fikiria hanga lenye vitanda vya ghorofa ukuta kwa ukuta, kila kitanda na shuka ya bluu ile ile, na kamba moja ya kuanikia. Mtoto wangu mmoja alirudi na shuka zake zote mbili, na alikuwa na majirani waliorudi bila hata moja.

Raba zisiwe mpya siku ya kwanza. Azivae nyumbani, na zile soksi nyeusi, atembee nazo sokoni na dukani mpaka zilainike. Malengelenge ya wiki ya kwanza ndiyo yanayowapeleka wengi zahanati ya kambi. Asinunue zinazombana, mguu unaokimbia na kusimama kutwa nzima huvimba. Mkasi wa kucha ni mdogo lakini usiusahau, kwa sababu kucha ndefu ndani ya buti ni balaa.

Ongeza kufuli mbili nzuri, sindano na uzi, sabuni za mche, kandambili ngumu, chandarua, na daftari dogo lenye namba za simu zilizoandikwa kwa mkono. Watoto wetu hawajui namba ya mtu yeyote kichwani. Siku akipata simu ya kuazima, ile yake ikiwa imezimwa kabatini, daftari hilo ndilo litakalompata mama yake.

Aliyepangiwa Mafinga, Itende au Luwa apewe sweta la maana, si kale ka mapambo. Juni na Julai kule Nyanda za Juu baridi haina utani, na mbio huanza kabla ya jua.

Mapambo, manukato na simu ya bei mbaya vibaki nyumbani. Nywele zikatwe kabla ya safari, wa kiume na wa kike. Zitanyolewa tu hata asipotaka, na ni afadhali zinyolewe na mtu wanayeelewana. Chapati na kuku wa nyumbani viishie kwenye basi.

Nimpe hela kiasi gani?

Kiasi cha sabuni, dawa ya meno na soda ya hapa na pale kantini. Chakula na malazi ni vya kambi. Nauli ya kurudi itengwe kabisa na hela ya matumizi: ishonewe kwenye mfuko wa ndani, na aambiwe kwamba hiyo haipo. Ukimpa nyingi unampa kazi ya kuilinda, pamoja na marafiki wa ghafla.

Mwanangu hajawahi kukimbia hata kuwahi daladala. Ataweza?

Ataweza, maana wengi wa wenzake wako hivyo hivyo na mafunzo yanapanda taratibu. Siku chache alizo nazo nyumbani zinatosha kuuamsha mwili: atembee kwa kasi nusu saa alfajiri, kisha achanganye na mbio za polepole, pushapu chache, kichura kidogo. Asijaribu kufidia miaka miwili ya bweni kwa siku tano. Anayefika kambini na goti limevimba ameanza vibaya kuliko yule ambaye hakufanya chochote.

Zoezi kubwa zaidi ni saa za kulala. Aanze kulala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na nusu. Pia afue nguo zake mwenyewe kwa mkono, atandike kitanda, ale anachokikuta. Kuna vijana mashine ya kufulia imewalea. Hao huteswa na ndoo kuliko na bunduki.

Ana pumu, au sikoseli, au anameza dawa kila siku. Tuseme au tunyamaze?

Semeni. Nasisitiza kwa sababu kuna wazazi wanaomfundisha mtoto kuficha, wakiogopa atarudishwa halafu akakosa cheti. Mwenye sikoseli akipata baridi kali, kazi nzito na upungufu wa maji kwa pamoja, anaweza kupata shambulio la kumlaza. Vumbi na hewa ya baridi ya alfajiri humwamsha mwenye pumu. Hakuna cheti kinachostahili bei hiyo.

Kabla hajaondoka mpeleke hospitali anakotibiwa, mwombe daktari aandike barua yenye muhuri: anaumwa nini, anatumia dawa gani, kazi gani hazimfai. Tengeneza nakala. Moja akabidhi kwenye upimaji wa afya anaporipoti, moja ibaki kwenye begi lake, na ya asili ibaki kwako. Dawa za kutosha miezi mitatu ziwe kwenye pakiti zake zenye majina, si zimemwagwa kwenye mfuko wa rambo, maana daktari wa kambi hawezi kukisia kidonge cheupe ni cha nini. Ikiwa hali yake ni ya kutomruhusu kabisa kwenda, barua hiyo hiyo ndiyo mwanzo wa mazungumzo na JKT. Msikae kimya tu mkatarajia jina lisahaulike.

Malaria nayo. Anayetoka Njombe au Makete kwenda Rwamkoma kule Mara au kambi za Kigoma anaingia kwenye mbu ambao mwili wake hauwazoei. Homa yoyote, hata ndogo, akapime siku hiyo hiyo. Vijana hupenda kuvumilia wakidhani ni uchovu, au wakiogopa kuitwa wategaji. Mwambie mapema kwamba kuumwa si kutega.

Ni binti. Nina wasiwasi, na nashindwa hata kuusema.

Sema naye, kwa maneno ya wazi, siku kadhaa kabla ya safari, si mlangoni mwa basi. Wasichana hulala mahanga yao na wana walezi na wakufunzi wa kike. Lakini mahali popote penye vyeo na mamlaka, binti anatakiwa kujua mpaka wa amri. Afande anaweza kumwamuru akimbie, afagie, asimame juani. Hawezi kumwamuru aende peke yake gizani kwa mtu. Akiona dalili hiyo aende kwa matroni, au kwa daktari wa kambi, au kwa afisa mwingine yeyote, tena akiwa na mwenzake. Na ajue kwamba akikueleza lolote, swali lako la kwanza halitakuwa "na wewe ulifanya nini?" Mabinti wengi hunyamaza kwa sababu ya swali hilo tu.

Pedi apewe za kutosha miezi miwili, nyingine atanunua. Mwambie pia kwamba mazoezi mazito na mabadiliko ya maisha yanaweza kuvuruga mzunguko wa hedhi. Asipoambiwa, mwezi ukiruka atajaa hofu bila sababu, na waliomzunguka watampa tafsiri zao.

Wiki ya pili sasa, hajapiga simu. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa, na hapa ndipo wazazi wanapoumwa kuliko vijana wenyewe.

Usitegemee simu wakati wa mafunzo. Kuruta anaamshwa kabla ya alfajiri, anakimbia, anakwenda gwaride, anapigwa jua, anakwenda fatiki (kazi za mikono), anakula, anahesabiwa, anaanguka kitandani. Hata akipata nafasi ya kupiga, ni dakika mbili kwa simu ya mtu na foleni nyuma yake. Dakika hizo usizitumie kulia. Wala usizitumie kumweleza kwamba mbuzi wa bibi amekufa na shangazi hawaongei na baba. Mwulize mambo matatu: unakula, unaumwa, unahitaji nini. Mwambie tupo salama. Basi.

Kabla hajaondoka, kubalianeni kwamba kimya maana yake ni kwema. Mwambie: "Usipopiga nitajua uko salama." Maneno hayo yanamtua mzigo mkubwa, kwa sababu kijana mwenye mama anayelia hutafuta simu kwa njia za panya, na njia za panya kambini zina doso lake, yaani adhabu. Andika pembeni namba na jina la kikosi chake, na akishafika akutumie kombania yake, yaani kundi alilopangiwa ndani ya kikosi. Ukiwa na hivyo viwili, siku ya haja ya kweli atapatikana haraka.

Kama ungependa kumtembelea, ulizeni kambini utaratibu wao kwanza. Kufunga safari hadi geti la Oljoro na kapu la maandazi bila kuuliza ni kujitafutia aibu wewe na kumtafutia yeye utani wa mwezi mzima.

Mtu amenipigia, anasema ni afande, mwanangu kalazwa na inatakiwa hela ya matibabu.

Usitume. Matapeli wanajua vizuri msimu huu, na majina ya vijana pamoja na shule zao yako wazi mtandaoni kwa kila mtu kuyasoma. Atakutajia jina kamili na kambi, na wewe utaamini kwa sababu hiyo tu. Mwulize kombania. Kisha mwulize jambo la siri, ambalo wewe na mtoto mkubaliane kabla ya safari: jina la mbwa wa jirani, jina la utani la babu, kitu chochote ambacho hakiko kwenye orodha. Kata simu, piga kambini kwa namba uliyoipata kwa njia nyingine. Kijana aliyeugua kambini hutibiwa kwanza, na uongozi haukusanyi hela kwa namba ya mtu binafsi.

Matokeo yanatoka akiwa kambini. Chuo na mkopo inakuwaje?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mzazi alisome mara mbili, kwa sababu msaada mkubwa kuliko wote unautoa ukiwa umekaa nyumbani.

Kalenda yenyewe inagongana. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai. Maombi ya vyuo hufunguliwa muda mfupi baadaye. Dirisha la Bodi ya Mikopo nalo huwa wazi katika miezi hiyo hiyo. Wakati huo mwanao yuko porini na jembe au bunduki ya mazoezi. JKT wanalijua hilo, ndiyo maana wanawaambia waje na vyeti, na miaka ya karibuni maofisa wa Bodi wamekuwa wakienda makambini kuwaelimisha vijana. Lakini kambi ina mamia ya vijana na kompyuta chache. Ukimwachia kila kitu afanyie huko, anaweza kupata nafasi mbovu ya chuo kwa sababu ya mtandao tu.

Kwa hiyo kabla ya safari kaeni mezani. Achague kozi na vyuo akiwa na makadirio mawili: akifaulu kama anavyotarajia, na akifaulu chini ya hapo. Aandike kwa mpangilio, kwa mkono wake, uibandike ukutani. Usije ukabadilisha udaktari kuwa ualimu, au ualimu kuwa udaktari, eti kwa kuwa yeye hayupo. Kuna nyumba zimegombana miaka kwa hilo. Tengeneza baruapepe yake pamoja naye, nywila iandikwe. Na hapa pana mtego: namba ya simu inayojazwa kwenye maombi iwe ya laini iliyo hewani. Akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo ukiingia kwenye simu iliyozimwa, siku zinapita. Mwachie mama laini hiyo, au mjaze ya mama.

Vyeti vya asili asivibebe vyote kama anaweza kubeba nakala zilizothibitishwa. Ulizeni tangazo linataka nini. Chochote anachobeba, wewe baki na nakala, na picha zake kwenye simu.

Upande wa mkopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi mmoja au wote wamefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Fanyeni hivyo Aprili au Mei, kwa sababu Julai kila mtu yuko RITA. Mdhamini wa mkopo mara nyingi ni wewe: kitambulisho chako, picha, saini. Fomu inapita kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa au kijiji kwa muhuri, kisha kwa kamishna wa viapo. Hatua hizo za kwako unaweza kuzitembelea yeye akiwa hayupo. Saini ya mwombaji ni yake peke yake, usiigushi hata kama unaijua vizuri. Kambini waulizwe utaratibu wa kumpatia fomu, au isubiri arudi ikiwa dirisha bado liko wazi. Fuatilia tarehe ya kufungwa kila wiki.

Amepiga analia, anataka kurudi.

Wiki ya kwanza na ya pili ndizo mbaya. Kila kitu ni kelele, miguu inauma, ugali na maharage vinafuatana, na mtu aliyekuwa kiranja mkuu anaitwa kuruta kama wengine. Ikifika wiki ya nne wengi wameshapata marafiki na nyimbo za mchakamchaka, na ukimwuliza tena hataki hata kukumbushwa kwamba alilia.

Msikilize bila kumkejeli na bila kumwahidi kumtoa. "Pole mwanangu, ndiyo kunavyokuwa mwanzoni, tutaongea Jumapili ukipata nafasi," inatosha. Usimtajie kaka yake aliyemaliza bila kulalamika. Lakini sikiliza pia namna anavyolia. Anayelalamikia mbio, jua na chakula atazoea. Anayesema hapati usingizi kabisa, hali chakula, anayetaja kujidhuru, au anayetaja mtu mmoja kwa hofu, huyo si wa kuambiwa avumilie. Piga kambini siku hiyo, omba kuongea na daktari au afisa anayehusika, na kama huelewi pa kuanzia, ofisi ya Mshauri wa Mgambo, yaani afisa wa jeshi anayesimamia mgambo wilayani kwako, inaweza kukuelekeza.

Ukitokea msiba nyumbani?

Njia ni hiyo hiyo: uongozi wa kambi kwanza, kupitia namba ya kambi au Mshauri wa Mgambo. Eleza ni nani kwake. Usimpigie rafiki yake ampe habari gizani hangani. Maofisa wana namna yao ya kumwita mtu kando, na ruhusa ya kuja kuzika ni wao wanaoitoa.

Wa kwangu anataka kwenda kwa kujitolea ili apate ajira jeshini. Ni kweli wanaajiriwa?

Baadhi. Kijana wa kujitolea huingia kwa mkataba wa miaka miwili, na vyombo vya ulinzi na usalama vinapotafuta watu huangalia sana waliopita JKT. Hata hivyo JKT yenyewe imekuwa ikirudia kila mwaka kwamba haiahidi ajira. Aingie akiwa na mpango wa pili: ujenzi, kilimo, ufundi, chochote atakachojifunza huko. Nafasi hutangazwa na usaili hupitia wilayani na mkoani. Haziuzwi. Anayekuomba "ya afande" ili jina lipite anakula hela yako, na hata angekuwa na uwezo huo, mwanao angeanza maisha ya jeshi kwa rushwa.

Sisi ni wa Unguja. JKU ndiyo hiyo hiyo?

Hapana. JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, ni chombo cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na kina taratibu zake. Kijana akiitwa JKT, jina lake litakuwa kwenye orodha ya JKT.

Siku ya kufunga mafunzo niende?

Kama nauli ipo, nenda. Kambi nyingi hualika wazazi, na kuna gwaride, maonyesho ya kareti na singe, ngoma, na hotuba ambazo ni ndefu kuliko zinavyohitajika. Nenda na kofia na maji. Hutamtambua haraka: amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, kichwa kipara, na wote wamevaa sawa. Mtafute kwa mwendo wake. Ulizia pia jina la operesheni yao, kwa maana kila mkupuo hupewa jina, na atakuwa akilitaja mpaka uzeeni.

Akifika nyumbani mwache alale siku mbili. Ataamka saa kumi hata hivyo, na atamjibu baba yake "Ndiyo afande!" kwa sauti ya kuamsha jirani. Homa ikimpata ndani ya wiki za mwanzo, apime malaria, hasa aliyetoka kanda ya ziwa au Kigoma. Cheti chake cha JKT kitolewe nakala siku hiyo hiyo na kiwekwe pamoja na vile vya shule, kisha mkae tena mezani na ile karatasi ya ukutani, kwa sababu kwa kawaida vyuo hufunguliwa Oktoba na fomu ya afya ya chuo nayo inataka daktari na muhuri.